Barua Iliyovishwa Plastiki

Chuo kikuu cha serikali kilitaka mambo mengi kutoka kwangu, nami nilikuwa nayo yote. Kilitaka hesabu, fizikia na kemia. Kilitaka alama zisizoshuka chini ya kiwango fulani katika kila somo, na juu ya hapo jumla ya pointi zilizopimwa kwa kanuni ambayo hata mwalimu wetu mkuu aliieleza huku akijikuna kichwa. Nilipita kote. Mwaka wetu, katika shule nzima ya wasichana, tuliitwa wawili tu, na mimi niliitwa kusomea uhandisi wa maji. Nayasema haya mapema ili mtu asinionee huruma isiyonihusu. Sikukosa chuo kikuu kwa sababu sikufaa.

Siku hizo, katikati ya miaka ya tisini, ukimaliza kidato cha nne ulikaa nyumbani karibu miaka miwili ukingoja kuitwa. Vyuo vilikuwa vimejaa, na migomo ilikuwa imesukuma kila kitu nyuma. Wasichana wengine waliolewa wakingoja. Mimi nilipanga chumba Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, nikafundisha darasa la tatu katika shule moja ya kibinafsi, bila cheti chochote cha ualimu, na kila Jumamosi nikipanda kurudi nyumbani upande wa Mitaboni. Nilikuwa msichana mwenye majivuno. Nilipoona kina mama wamepanga mitungi mtoni wakichimba mchanga kutafuta maji, nilipita nikijiambia kwamba hawa nitawatengenezea bwawa, na kwamba watanikumbuka.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi, mbaazi na kahawa kidogo, tena mzee wa kanisa. Alisoma mpaka darasa la nne. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwetu Wakamba mtoto wa namna hiyo huitwa na kuheshimiwa kama yule aliyemrithi jina. Nyumbani tuliongea Kikamba, kwa hivyo maneno yake mengi hapa nayaleta kwa Kiswahili, na najua yamepoteza ladha njiani.

Baba alikuwa na ugomvi wa zamani na mchwa. Cheti chake cha darasa la nne kililiwa na mchwa ndani ya sanduku la mbao, kikaliwa pamoja na cheti cha ubatizo na karatasi ya chanjo ya kaka yetu mkubwa. Alipoenda mjini Machakos kuomba kazi ya tarishi aliulizwa karatasi, akasema zimeliwa, na watu wa ofisi ile wakacheka mpaka wakashika meza. Hadithi hiyo tuliisikia kila msimu wa mvua. Aliisimulia kwa hasira ile ile, na sisi watoto tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba tulijua mahali pa kuguna.

Bahasha yangu ilikuja kupitia sanduku la posta la shule. Mwalimu mkuu alituma ujumbe nyumbani, na baba, badala ya kuningoja, akavaa koti lake la Jumapili siku ya Jumatano akaenda kuichukua mwenyewe. Kiingereza hakujua, lakini alilijua jina langu na aliujua muhuri. Aliniambia baadaye kwamba alisimama kwenye lango la shule akalia. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu na kumbukumbu ya mchwa angelifanya. Hakurudi nyumbani. Alienda moja kwa moja mjini, kwa fundi mmoja wa picha karibu na soko, akamwambia azivishe zile karatasi plastiki ya moto, lamineshen kama tulivyoiita, ambayo wakati huo ilikuwa imeingia Machakos na kila mwenye kitambulisho alikuwa akiitaka.

Karatasi zilikuwa sita, zote zimechapwa pande zote mbili. Fundi alizipanga mbilimbili, mgongo kwa mgongo, akazitia katika plastiki tatu, akazipitisha kwenye mashine. Sijui kama alisoma neno hata moja. Kurasa sita zilibaki nje, na kurasa sita zikafungiwa ndani zikitazamana.

Nilipofika nyumbani Jumamosi nilikuta baiskeli nne zimeegemezwa kwenye ukuta wa jikoni. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa sebuleni na wake zao, kuku alikuwa ameshachinjwa, na chai ya maziwa ilikuwa ikimiminwa bila kubaniwa, jambo ambalo kwetu lilitokea Krismasi na kwenye posa. Mdogo wangu wa kike, wakati huo akiwa na miaka kumi na moja, alinikimbilia akasema, "Umeitwa! Umeitwa na baba ameifanya ing'ae!" Sikumwelewa mpaka nilipoingia na kuona karatasi zangu zikipita mkono kwa mkono kama sahani.

"Mwaitu, njoo uone," baba akasema. "Hii, hata mchwa aje na meno ya chuma, atarudi kwao na njaa."

"Na maji?" mama mmoja akauliza. "Si maji yataingia?"

Baba alikuwa akilingojea swali hilo. Aliichukua barua, ile ya kwanza kabisa yenye jina langu, akailaza juu ya meza na kuimwagia kikombe kizima cha maji. Watu wakashtuka. Akaipangusa kwa mkono wa koti, akaiinua juu, kavu. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akaomba kuishika, akaigonga kwa kucha, akasema kwamba serikali yenyewe ingefaa kuiga.

Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na furaha. Nilichukua zile plastiki nikaenda nazo dirishani nikasoma. Ukurasa mmoja ulinipongeza na kuitaja shahada. Mwingine ulitaja siku ya kuripoti, mwezi wa Oktoba, na tulikuwa mwezi wa saba. Mwingine ulikuwa fomu ya daktari. Mwingine ulieleza mashuka na sahani za kubeba. Na ule wa kwanza, wa pongezi, ulifika chini kabisa ukasema kwamba ili kuithibitisha nafasi yangu natakiwa, halafu ukaisha. Nilitakiwa nini? Nikageuza. Upande wa pili palikuwa na ukurasa mwingine kabisa, wa sheria za mabweni.

Niliinua plastiki ile kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi ya kurasa nne yalionekana kwa pamoja, mengine yamegeuka, mengine yamelaliana, na sikuweza kuokota hata neno moja zima. Nikajua kwamba kuna kitu ndani. Nalisema hili wazi kwa sababu nimekuwa nikijidanganya kwa miaka: nilijua siku ile ile, saa ile ile, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nikasema moyoni kwamba nitaikata baadaye, wageni wakiondoka.

Wageni waliondoka, na baba akaziingiza zile plastiki katika mfuko wa ngozi aliobebea Biblia.

"Baba," nikamwambia, "kuna mahali hapasomeki."

"Pasomeke kwa nani? Wewe umeshaitwa."

"Kuna maneno mengine yako ndani."

"Maneno ya ndani si ni ya barua ile ile ya nje?" Akanitazama kwa wasiwasi kidogo. "Nimeiharibu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Nilimwona alivyosimama, mfuko umembana kwapani, koti limelowa mkono mmoja kwa maji ya onyesho lake. Watu wa ile ofisi walimcheka kwa karatasi iliyoliwa, na sasa binti yake mwenyewe, msomi, amwambie kwamba ameharibu nyingine? Nikasema, "Hapana, Baba. Haijaharibika." Oktoba ilikuwa mbali. Nilijiambia kwamba chochote kinachotakiwa kitatakiwa siku ya kuripoti.

Majuma matatu yalipita hivyo. Kila Jumamosi nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kukata, na kila Jumapili baba alizibeba karatasi kanisani kuwaonyesha waliokosa kuziona. Alizipeleka kwa shangazi yangu. Alizipeleka kwenye chama cha ushirika cha kahawa, ambako naambiwa zilimwagiwa maji mara ya pili. Ningeweza kwenda kwa mwalimu mkuu nikamuuliza. Ningeweza kumtafuta yule msichana mwingine aliyeitwa, nikasoma barua yake. Lakini wote wangeuliza yangu iko wapi, na ningelazimika kusema baba yangu alifanya nini. Nilimwonea haya. Hilo ndilo neno lake, wala sitalipamba. Nilisema namhurumia, kumbe nilikuwa namwonea haya.

Juma la nne niliomba nipewe fomu ya daktari, kwa kuwa ilitakiwa ijazwe katika hospitali ya serikali. Baba akanipa plastiki zote tatu, akaniambia nizishike vizuri. Jumatatu hiyo niliomba ruhusa shuleni nikapanga foleni hospitalini mjini tangu asubuhi. Daktari alinipima macho, kifua na shinikizo la damu, akachukua kalamu. Kalamu iliteleza. Akajaribu tena. Wino ulikaa juu ya plastiki kama mate, akaupangusa kwa kidole na ukatoka.

"Hii niandike na nini?" akaniuliza. "Msumari?"

Wauguzi wawili wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nikicheka nao sitaonekana mjinga sana. Akanirudishia. "Kaitoe hiyo kitu, urudi. Niko hapa mpaka saa kumi."

Nilinunua wembe kwenye kibanda nje ya lango, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikakata ukingo wa plastiki ya kwanza kwa uangalifu. Nilitarajia karatasi zichanike. Hazikuchanika. Gundi ilikuwa imeshika upande wa nje tu. Ndani, karatasi kwa karatasi, hapakuwa na gundi yoyote. Ziliachana zenyewe, safi, zikinukia wino, na kila moja ilibaki na plastiki yake inayong'aa mgongoni. Kazi yote haikufika muda wa kumenya chungwa. Ningeweza kuifanya ile Jumamosi ya kwanza, jikoni, na baba angebaki na kitu cha kumwagia maji mpaka achoke.

Ukurasa wa ndani uliendelea pale wa nje ulipokatikia. Nilitakiwa kuijaza fomu ya kukubali nafasi na kuirudisha kabla ya tarehe fulani. Asiyerudisha atahesabiwa kuwa ameikataa, na nafasi yake itapewa mwingine. Tarehe ilikuwa imepita siku tisa.

Sikurudi kwa daktari. Nilikaa kwenye benchi lile nikihesabu zile siku tisa kwa vidole, mara nyingi, kana kwamba zingepungua. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa alinisogelea akanipa pole. Alifikiri nimepewa habari ya ugonjwa.

Kesho yake nilikuwa Nairobi, ofisi ya usajili, na wembe bado uko mfukoni. Karani aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, si mkali, na mpaka leo natamani angekuwa mkali. Alitafuta jina langu katika orodha moja, kisha katika nyingine.

"Fomu yako haikurudi," akasema. "Nafasi imepewa mtu mwingine alikuwa kwa ile orodha ya kungoja."

"Sikuiona tarehe."

"Si imeandikwa?"

Nikampa karatasi. Alizishika kwa ncha za vidole, akazigeuza, upande mmoja unang'aa na upande mmoja mkavu, akaanza kuelewa polepole. Alinionea huruma, na huruma yake ikanichoma.

"Nani aliweka hii plastiki?"

"Ni mimi," nikasema.

Akanitazama. "Wewe. Na ulikuwa unataka kuwa injinia."

Niliandika barua tatu za kuomba wanifikirie. Nilijibiwa moja, mistari miwili, ikisema kwamba aliyekataa nafasi haitwi tena. Ati nilikataa! Mimi niliyeota mabwawa tangu darasa la sita nilikuwa nimeandikwa katika kitabu cha serikali kwamba niliitwa nikakataa, na aliyeandika hakukosea.

Lakini kabla ya barua hizo palikuwa na jioni ile ya kwanza, niliporudi kutoka Nairobi. Baba alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, ameshavaa koti. Alijua nimeenda chuoni. Mtu wa Mumbuni alikuwa amemwambia. Alidhani nimekwenda kuonyeshwa mahali nitakapolala.

"Wamesema nini, Mwaitu?"

"Nafasi yangu wamempa mtu mwingine."

Hilo lilikuwa kweli. Kama ningenyamaza hapo, labda kweli yenyewe ingejitokeza kidogo kidogo. Lakini aliuliza, "Nani?" Aliuliza kwa sauti ndogo, na nikaona macho yake yakishuka kwenye mfuko niliokuwa nimezibebea karatasi. Nikaogopa. Nikasema, "Mtoto wa mkubwa fulani."

Aliamini hapo hapo. Ni nani asingeamini, miaka ile? Ardhi ilichukuliwa na wakubwa, kazi zilichukuliwa na wakubwa, hata kisima cha soko kilikuwa na mtu wake mkubwa. Uongo wangu haukuhitaji hata kusukumwa. Kufikia Jumapili majirani walikuwa wanajua mkubwa mwenyewe ni nani, na mzee mmoja wa ushirika alisema amemwona yule mtoto kwa macho yake, akishuka garini. Mimi niliketi nikasikiliza uongo wangu ukipewa gari.

Nilikwenda chuo cha ualimu, nikawa mwalimu wa shule ya msingi karibu na nyumbani. Ni kazi ya heshima na sitaidharau, ila sikuichagua. Mwaka hadi mwaka nilichora ubaoni mvua ikishuka, mto ukitiririka na mvuke ukipanda, nikafuta ubao, nikaenda nyumbani. Na baba alibadilika. Zamani alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kuonyesha watu vitu. Sasa alikuwa mtu wa kinyongo. Alipoongoza maombi kanisani alimaliza kila mara kwa maneno yale yale, akimwomba Mungu amlipe aliyemnyang'anya mtoto wake haki yake. Watu walimpa pole. Wengine walikuwa na vyao vilivyonyang'anywa, wakalia naye.

Miaka saba baada ya bahasha yangu, ikaja ya mdogo wangu. Alikuwa ameitwa kusomea sayansi ya kilimo. Safari hii aliichukua mwenyewe, akaisoma yote njiani, akafika nyumbani anajua kila tarehe. Kati ya fomu zake palikuwa na moja ya ahadi ya tabia njema. Ilitakiwa itiwe sahihi na mzazi mbele ya chifu, na chifu wetu alimjua baba na hakutaka sahihi ya mtu mwingine. Baba alikataa.

"Sitatia mkono wangu kwenye karatasi ya wezi," alisema. "Walimla dada yake. Huyu hawatamla. Atajifunza cherehani Machakos, hakuna mtu huja kumnyang'anya mtu cherehani."

Mama yetu alimsihi, mchungaji alimsihi. Hata hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ameamua kumkinga mtoto wake, kama baba yeyote. Mdogo wangu alinifuata shuleni wakati wa mapumziko ya chai, akanisimamisha nyuma ya maktaba. Alikuwa na siku nne za kuirudisha fomu.

"Wewe zungumza na yeye," akasema. "Wewe ndiyo anasikia."

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote, na maneno yalitoka bila mpangilio, plastiki, wembe, benchi, siku tisa. Nilifikiri atanihurumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Kwa hivyo hakuna mkubwa."

"Hakuna."

"Na miaka yote hii umemwacha hivyo. Sasa unataka mimi nishone nguo ndiyo wewe usiaibike?"

Nilimkasirikia sana, kwa sababu alikuwa amesema vizuri kuliko mimi mwenyewe nilivyowahi kujisemea. Nilimaliza vipindi vyangu, nikachukua ile fomu, nikaenda.

Baba alikuwa shambani kwenye mteremko, akirekebisha fanya juu, yale matuta ya kuzuia udongo ambayo mvua ilikuwa imeyabomoa. Alikuwa akichimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, polepole, maana goti lilikuwa limeanza kumsumbua. Nilisimama chini yake. Nilikuwa nimepanga namna ya kuanza, lakini yote yakanitoka.

"Baba, nafasi yangu haikuibwa."

"Iliibwa." Aliendelea kurusha udongo.

"Haikuibwa. Kulikuwa na fomu ya kurudisha, na ilikuwa na tarehe. Tarehe ilipita. Sikuiona."

"Kwa nini hukuiona? Wewe si msomaji?"

"Ilikuwa ndani."

Jembe likasimama. Sikumsaidia, kwa sababu kila neno ambalo ningeongeza lingekuwa la kumpiga.

"Ndani ya plastiki," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ile niliyoimwagia maji."

"Ndiyo."

"Uliniambia haijaharibika. Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nilijua, na nikakuambia haijaharibika. Kosa lilikuwa langu."

"Na yule mtoto wa mkubwa?"

"Hakuna mtoto wa mkubwa."

Alipanda kutoka mtaroni, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaniomba fomu. Aliitazama upande mmoja, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Kisha akanirudishia akasema nimsomee yote, pande zote mbili, na nisiruke kitu. Nilimsomea nikitafsiri, mimi mwalimu mwenye miaka ishirini na saba, nikifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliuliza mwisho wa kuirudisha ni lini. Nikamwambia Ijumaa.

Hatukungoja kesho. Tulienda kwa chifu siku ile ile, yeye akiwa na udongo kwenye viatu, akaandika jina lake herufi moja moja huku chifu akimtania kwamba hatimaye mzee amelainika. Mdogo wangu alienda chuoni, akahitimu, na sasa yuko kazini mbali na kwetu. Ananisalimu vizuri tukikutana. Hajawahi kunishukuru, na sijaona kwa nini anishukuru.

Tuliporudi, mimi na baba tulitembea mpaka karibu na kanisa letu, ambalo liko kando ya barabara. Hapo alisimama. Nilidhani goti linamuuma, nikamshika mkono. Aliutoa mkono wangu, si kwa nguvu, na hakuniita Mwaitu.

"Miaka saba," akasema, "nimesimama mle mbele nikimwomba Mungu amlipe mtu aliyekufanyia vile. Na wewe ulikuwa pale, benchi la pili, ukisema amina."